Maswali na majibu: Yakgwa, biskuti za asali za Wakorea

Wiki iliyopita niligusia darasa la kupika yakgwa nililohudhuria hapa Seoul, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nimewasha moto. Kwa waliopitwa: yakgwa ni biskuti za unga wa ngano uliosuguliwa mafuta ya ufuta na kuchanganywa na asali. Hukaangwa taratibu, kisha hulazwa kwenye shira ya tangawizi mpaka ilowe hadi ndani. Wakorea huziweka kwenye meza ya tambiko la mababu, kwenye harusi, na siku za sikukuu kama Chuseok (sikukuu ya mavuno) na mwaka mpya wa mwezi mwandamo. Maswali yalikuwa mengi, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo dada. Nakuja Seoul kusoma. Kikorea changu ni cha salamu tu. Nikijiandikisha darasa kama hilo nitaambulia kitu, au nitabaki kukodoa macho? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Kukodoa macho ndiyo nusu ya somo lenyewe, kwa hiyo usiogope. Madarasa ya siku moja yapo mengi Seoul, hasa maeneo ya Jongno, na baadhi hufundishwa kwa Kiingereza. Ukipata nafasi ya kutoka nje ya mji, kuna makumbusho ya vitafunio vya asili huko Pocheon, kaskazini mwa Seoul, nayo pia hufundisha kwa vitendo. Mwalimu mwite seonsaengnim, funga nywele, kunja mikono ya shati, aproni utapewa.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja: je, unga nitachanganya mwenyewe? Yakgwa inataka kupumzishwa na kulowekwa kwa saa nyingi, na darasa la saa mbili lazima likate mahali. Wengine hukata mwishoni: unakaanga zako, unafungiwa kwenye kopo pamoja na shira, zinamalizikia kulowa nyumbani kwako. Hao ni waungwana. Wengine hukata mwanzoni: unakuta donge limeshafungwa kwenye mfuko, kazi yako ni kulibonyeza kwenye kibao chenye umbo la ua na kupiga picha. Mwenye haja ya picha atatoka anacheka. Wewe unayetaka kujua kupika utakuwa umelipia kubonyeza.

Nilijaribu kwa kufuata video. Nilikanda vizuri kabisa kama nakanda maandazi, mafuta nikayachemsha yakapata moto sawasawa. Zimetoka ngumu nje, mbichi katikati, na hazikuchambuka hata kidogo. Nimekosea wapi? (Mama muuza maandazi, Morogoro)

Mama, umekosea hapo hapo uliposema "nilikanda vizuri kabisa". Mkono wako umezoea unga unaotaka nguvu. Huu hautaki. Ukiukanda, ngano inajenga ule mvuto unaoupenda kwenye maandazi, na mvuto huo ndio unaokaza biskuti na kuzuia tabaka zisifunguke. Darasani kwetu mwalimu alikuwa akizunguka meza, na kila aliyeanza kukandamiza kwa kiganja alishikwa mkono bila maneno.

Twende pole pole. Chukua gramu 200 za unga wa ngano wa kawaida, si ule wa keki. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kidogo na pilipili manga ya kunyunyizia. Mimina vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya ufuta, kisha sugua unga katikati ya viganja kama mtu anayeosha mikono, mpaka mafuta yasionekane tena. Pitisha kwenye chekecheo, sugua, pitisha tena. Unga sasa umekuwa na rangi ya manjano hafifu. Ukiukamata ngumini unashikana, ukiugusa kwa kidole unasambaratika. Usipofika hapo usiendelee.

Pembeni koroga vijiko vitatu vya chakula vya asali na vitatu vya soju (wasiotumia pombe wasubiri swali linalofuata), pamoja na maji ya tangawizi kijiko cha chai. Mwagia kwenye unga kwa mkupuo mmoja. Chukua mwiko bapa, kunja kutoka chini kuja juu, na acha wakati bado unaona vumbi la unga huku na kule. Hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia. Donge litaonekana bovu, lina nyufa, halipendezi. Ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Ligandamize liwe bapa, likate katikati, pandisha nusu moja juu ya nyingine, gandamiza tena. Rudia mara mbili au tatu. Hizo ndizo tabaka zako. Hazitokani na kitu kingine chochote. Mwisho sukuma kwa upole libaki na unene wa sentimita moja hivi, ukate vipande vya mraba kwa mtindo wa mji wa Kaesong, au utumie kibao cha umbo la ua kama zile za jumba la mfalme. Mimi nasimama na mraba: kingo zilizokatwa kwa kisu hufunguka, zilizobanwa kwenye kibao hujifunga. Toboa kila kipande kwa kijiti katikati ili moto ufike ndani, kisha pumzisha kwenye friji nusu saa.

Sasa mafuta. Moto uliokuwa nao ni wa maandazi. Yakgwa hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yawe kwenye nyuzi joto 100 hadi 110 tu. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande kidogo: kikizama, kikatulia chini kwa muda, halafu kikaanza kutoa vipovu vidogo na kupanda bila haraka, moto ni huo. Kikiruka juu papo hapo, ondoa sufuria jikoni usubiri. Tia vipande vichache, usivisumbue. Vitapanda vyenyewe, na ukitazama ubavuni utaona mistari ikiachana, mmoja baada ya mwingine. Zikishafunguka ndipo unapandisha moto hadi kama nyuzi 150 ili zipate rangi ya kahawia. Ukianza na moto mkali, gamba la nje linakauka kabla tabaka hazijaachana, na ndani panabaki unga mbichi. Ndicho kilichokupata.

Kwa jiko la mkaa inawezekana, ila kaa na sufuria mbili, moja ya moto mdogo na moja ya moto mkubwa, uzihamishe kwa upawa wa matundu. Kupuliza na kupunguza mkaa katikati ya kukaanga ni kujitafutia balaa.

Mimi ni Mwislamu na naona kila mapishi yana soju. Je, naweza kuiacha? Na nikienda darasani nifanyeje? Pia nimeona pakiti za yakgwa madukani huku. (Msomaji, Muscat, limeulizwa pia kutoka Zanzibar)

Unaweza. Soju ni pombe kali ya Kikorea, na kwenye donge ina kazi mbili: inalowesha unga bila kuuvutisha kama maji yanavyofanya, na ikiingia kwenye mafuta hupotea upesi na kuacha nafasi kati ya tabaka. Weka badala yake maji ya baridi sana, vijiko viwili na nusu, na uongeze maji ya tangawizi. Kwa kuwa maji huamsha mvuto wa unga, mkono wako uwe mwepesi zaidi. Zitachambuka pungufu kidogo, ladha haitapungua. Wapo wanaotia hamira ya unga kufidia. Sikushauri, zinageuka keki.

Sitakuambia kwamba pombe yote huisha kwenye moto, na hukumu yake si kazi ya mwandishi wa mapishi. Darasani, sema siku unapojiandikisha, usingoje ufike, maana wengi huandaa vimiminika mapema. Uliza na mafuta ya kukaangia pia. Kuhusu pakiti, usiishie kwenye picha ya mbele. Geuza, tafuta kwenye orodha ya viungo neno 주정, husomwa jujeong: hiyo ni ethanoli, na viwanda vya Korea hupenda kuitumia kuhifadhi vyakula. Pakiti nyingine hazina.

Jamani, hizi si kaimati tu zimebadilishiwa jina? (Mpishi, Mombasa)

Ndugu yangu, nilijua swali hili litatoka Mombasa. Undugu upo: kukaanga, halafu shira. Lakini kaimati ni rojo lenye hamira, huumuka, na shira yake huvaa nje kama nguo. Yakgwa haina hamira wala haina haja ya kuumuka. Inakunywa. Ukiikata katikati siku ya pili unaona shira imeshuka kati ya kila tabaka, na biskuti ni laini, inatafunika bila kelele.

Shira yenyewe nayo ni tofauti. Wakorea hutumia jocheong, sharubati nzito inayopikwa kwa wali na kimea cha shayiri, isiyo tamu kama sukari na isiyoganda chembe chembe. Huichemsha kidogo na maji na vipande vya tangawizi, mara nyingine na mdalasini, wakaiacha ipoe hadi uvuguvugu. Usipoipata, pasha vikombe viwili vya asali na nusu kikombe cha maji na tangawizi iliyopondwa. Ukiona asali inakula mfuko, nusu yake iwe shira ya sukari yenye ndimu, ile ile ya kaimati. Ndimu huizuia kuganda. Iliki? Wakorea watakushangaa. Mimi nilitia, nikala.

Biskuti zikiwa bado na joto, zichuje mafuta vizuri, zizamishe, zigeuze baada ya saa moja mbili, uziache hadi kesho yake. Kisha ziweke kwenye waya zidondoshe shira. Juu pambia mbegu za msonobari, au mbegu za maboga kama za msonobari ni ghali, na huwa ni ghali.

Huku kwetu asali ipo ya kumwaga. Je, ya nyuki wadogo inafaa? Na ni kweli kwamba biskuti hizi ziliwahi kupigwa marufuku? (Mfuga nyuki, Tabora)

Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu, tena bei yake si ya kutupia kwenye sufuria. Iache kwa chai na kifua. Tumia ya nyuki wakubwa, ile nyeusi ya miombo; inasimama vizuri mbele ya harufu ya ufuta. Usiichemshe ikatokota, ipashe tu ichanganyike na maji.

Marufuku ni kweli. Zamani za Goryeo, ufalme uliotawala Korea, yakgwa na ndugu zake wa kukaangwa, kwa pamoja huitwa yumilgwa, zilikuwa pambo la sherehe za Kibudha na karamu za wakubwa. Wakati huo huo, ngano ilikuwa adimu katika nchi ya mpunga, asali ilihesabiwa ni dawa, na mafuta hayakuwa kitu cha kuchezea. Watu wakashindana kuzirundika mezani hadi bidhaa hizo zikapungua na bei kupanda. Mwaka 1192, chini ya mfalme Myeongjong, ikatoka amri kwamba yumilgwa zikome na watu waweke matunda badala yake. Mwaka 1353, chini ya Gongmin, amri ikatolewa tena, na mtu hakatazwi mara ya pili jambo aliloacha mara ya kwanza. Katikati ya marufuku hizo mbili, mwaka 1296, mrithi wa ufalme alipokwenda kuoa kwa watawala wa Yuan huko China, msafara ulizibeba kwa ajili ya karamu.

Leo hakuna wa kumkataza mtu. Mnamo mwaka 2022 na 2023 vijana wa Korea walizivamia upya hivi kwamba oda za mtandaoni za watengenezaji wenye jina zilikuwa zikiisha mara tu zikifunguliwa, na migahawa ikaanza kuziweka juu ya aiskrimu.

Mwanangu ana miezi tisa na ameng'ang'ania kuonja. Nimpe? (Mama, Eldoret)

Hapana. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata iliyopikwa jikoni kwako, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvidhibiti. Pia kitu cha kunata hivi ni rahisi kumkaba. Asubiri.

Nataka kuzitengeneza za kuuza Dar. Zitakaa siku ngapi, na mafuta ya ufuta nipate wapi? (Mjasiriamali, Temeke)

Ufuta si shida, Lindi na Mtwara wanaulima kwa magunia. Shida ni aina ya mafuta. Ya Korea hukamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa, ndiyo maana yananukia. Mengi ya kwetu hukamuliwa mbichi, hayana harufu hiyo. Kaanga ufuta mwenyewe kwa moto mdogo hadi ubadilike rangi kidogo, upeleke kwa wenye mashine ndogo za kukamua. Kwa kukaangia biskuti usiyatumie hayo, utafilisika. Tumia ya alizeti.

Kwenye kopo lililofungwa zinakaa kama wiki moja, lakini joto na unyevu wa Dar huzifanya zinate, kwa hiyo funga kila moja kwenye karatasi yake. Kwenye friza hukaa miezi bila kuharibika. Zitoe nusu saa kabla ya kuliwa. Andika wazi kwenye pakiti kwamba zina ufuta na ngano, kuna wanaodhurika. Ukitaka kuziingiza madukani utahitaji alama ya TBS (shirika la viwango), na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo). Ila mimi ningeanza na oda za sherehe, nione kwanza kama watu watakubali bei, maana asali na ufuta vikijumlishwa hazitalingana na biskuti za mia mbili. Na usimpelekee mteja siku uliyokaanga; mpelekee kesho yake, shira ikishaingia.