Kabla Hujaenda Kusomea Sindano za Maumivu

Daktari mwenzangu unayetaka kubobea kwenye tiba ya maumivu, kabla hujaanza kujaza fomu za feloshipu, yaani mafunzo ya ubobezi, ya nje, omba wiki mbili ukae wodini na nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Mimi nilianzia mwisho, na aliyeumia ni mgonjwa.

Nilikuwa nimemaliza uzamili wa ganzi na usingizi, nikasafiri kujifunza kuzima mishipa ya fahamu kwa sindano ndefu, ile unayoifuata ncha yake kwenye skrini ya eksirei. Wiki ya kwanza niliporudi kazini niliitwa kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Nikamwomba anionyeshe maumivu kwa mkono: ngumi maana yake haumwi, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Akavifungua vyote vitano na hakuushusha mkono. Mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji ilikuwa mbovu. Nikamwandikia tramadoli, dawa ya maumivu, "apewe akiumwa", kisha nikaenda kumtafuta fundi.

Sista mmoja wa zamu, aliyesomea Kampala, alilipitia faili akaniuliza taratibu, "Daktari, akiumwa saa nane za usiku, atamwita nani?" Sikuwa na jibu. Tukaandika mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa nne, anywe saa ikifika hata kama hajalia. Siku ya tatu asubuhi mama alininyooshea vidole viwili. "Mwanangu, jana nimelala."

Mofini ile si dawa ya ajabu. Ni unga unaochanganywa na maji. Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, alianza na mofini ya maji kama hiyo, na tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Ukipata nafasi ya kwenda kujifunza kwao, nenda. Utatembea majumbani kwa wagonjwa, na huko ndiko utakakojua kama maagizo yako yanafuatika kwa mtu asiye na saa ukutani.

Kama huna muda wala nauli, tafuta kozi fupi ya Essential Pain Management, yaani misingi ya kutibu maumivu. Waliianzisha Wayne Morriss na Roger Goucke, ikafundishwa mara ya kwanza Papua New Guinea mwaka 2010. Imejengwa juu ya maneno matatu: tambua, pima, tibu. Usiidharau kwa ufupi wake. Mimi hilo la kwanza lilikuwa limenipita na vyeti vyangu vyote.

Kutambua kunaanzia kwenye maneno ya mgonjwa, nayo yaandike kama alivyoyasema. Anayesema "inawaka moto", "inapiga kama umeme" au "nahisi ganzi na pilipili" anakueleza mshipa wa fahamu ulioumia, na mara nyingi mofini peke yake haitamtosha. Fikiria amitriptilini, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu, apewe usiku kwa dozi ndogo. Ukiandika tu "maumivu makali" umeshaipoteza habari hiyo. Na mkono ulioandika mofini uandike hapo hapo dawa ya kulainisha choo, maana mgonjwa aliyefunga choo siku tano ataiacha mofini yenyewe.

Sindano nazo zina nafasi yake, tena kubwa, bado nazichoma. Ila waulize wanaokualika: nitachoma mwenyewe au nitasimama nyuma nikitazama? Jiulize pia hospitali unayorudi ina mashine gani. Kama ina ultrasaundi tu, jifunze kuchoma kwa ultrasaundi.

Ukirudi, siku ya kwanza anzia famasi. Uliza mofini ipo ya wiki ngapi, na ufunguo wa kabati lake usiku anakaa nao nani.