Nauli ya abiria kati ya nyota: anza na mshahara

Uliuliza, katika ulimwengu wa kubuni unaoutunga kwa ajili ya mchezo, nauli ya meli za anga iwe kiasi gani na meli zipite mara ngapi: usianze na bei, anza na kipato cha mtu wa kawaida katika ulimwengu wako. Nauli ikiwa sawa na mshahara wa miezi kadhaa, anayesafiri ni tajiri, mtumishi wa serikali, au mhamiaji asiyerudi tena.

Mfano mzuri ni toleo la kwanza la Traveller, mchezo wa mezani wa 1977 ambao wachezaji huigiza wasafiri wa anga za juu. Daraja la juu ni kredi 10,000 (kredi ni fedha ya humo), la kati 8,000, na kulala kwenye jeneza la barafu, yaani kugandishwa usingizini safari nzima, ni 1,000 tu. Ila huyo wa 1,000 akiamshwa hurushiwa dadu mbili, na bila daktari hodari, akipata chini ya 5 amekufa. Yaani mmoja kati ya sita! Hapo sheria moja ya nauli imekwisha kukupa hadithi nzima ya matabaka.

Kinachonikera katika toleo hilo ni kwamba nauli ni kwa kila mruko (meli kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine), uwe wa parseki moja au sita (parseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota), kwa hiyo meli ya masafa marefu inaumia bure. Mimi ningetoza kwa parseki.

Mara ngapi? Mruko huchukua wiki moja hivi, na wiki nyingine hupotelea bandarini, kwa hiyo meli moja hufanya miruko kama 25 kwa mwaka. Sayari kubwa ipe meli kila siku. Ya pembezoni, moja kwa mwezi inatosha, na wachezaji wakiikosa wamekwama.