Kabla hujafomati: kwa vijana wa field mlioingia karakana msimu huu

Vyuo vikileta vijana wa field, wiki ya kwanza tu makosa ni yaleyale. Kompyuta haiwaki, kijana ameshamwambia mteja bodi imekufa, kumbe RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imelegea. Diski inagonga, yeye anapiga chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Nawapenda, na wengi wenu mna akili nyepesi kuliko mafundi waliowapokea, lakini mikono inatangulia macho. Ndiyo maana naandika.

1. Flashi inayoonekana tupu si tupu.

Hili lisomeni polepole. Virusi vya shortcut mnavijua: flashi imepita stationery kuprintiwa, imerudi na ikoni moja yenye kishale. Mafaili hayajafutwa. Yamefichwa na kupewa sifa ya mafaili ya mfumo, ndiyo maana huyaoni hata ukiruhusu vilivyofichwa vionekane. Fungua Properties kwanza. Flashi ya GB 8 inayosema GB 3 zimetumika ina kitu ndani, hata kama macho yanakwambia vingine.

Alikuja mama mmoja, katibu wa VICOBA, na flashi ya namna hiyo. Kijana wetu, mpole na mwenye adabu, akaifungua, akaona kishale. "Mama, humu hamna kitu, ni virusi tu. Nikufomatie?" Mama akamjibu, "Wewe ndiye fundi, mwanangu." Basi akafomati. Quick Format ingetuachia mwanya, kwa sababu hiyo huchana ukurasa wa yaliyomo tu, kurasa zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini kijana alikuwa ameshika kwamba fomati ndefu ndiyo inaua virusi kabisa, akaondoa tiki ya Quick Format. Tangu Windows Vista, fomati ndefu huandika sifuri kwenye diski nzima.

Jioni mama akarudi. "Kaka, kitabu changu cha hisa mbona sikioni?" Nikaendesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, haikuleta faili hata moja. Nikaifungua flashi kwenye programu ya kusomea baiti, nikateremka nayo: 00 00 00 00, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa. Mle mlikuwa na hisa za kila mwanachama, mikopo na marejesho, na siku ya kuvunja kikoba ilikuwa imekaribia. Ikabidi wanachama waitwe na vijitabu vyao, hesabu ijengwe upya, na wapo waliomtazama mama yule kama mtu aliyekula hela zao. Hapo ndipo paliponiuma, na bado panauma. Kosa limefanyika mezani kwetu, shaka imemwangukia mtu mwaminifu. Nilikwenda kwenye kikao chao kueleza. Baadhi walielewa, wengine walinyamaza wakiangalia chini, na mama alikuwa ameketi mbele yao na daftari jipya mapajani.

Kilichotakiwa ni amri moja. Kama flashi ni E, fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu nakili mafaili pembeni, yafungue mbele ya mteja, yeye mwenyewe aseme "yote yapo." Hapo fomati utakavyo. Na kijana yule hatukumfukuza. Leo ndiye anayeuliza maswali kabla ya mtu yeyote pale dukani.

2. Diski ikigonga, izime.

Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, haijali picha za harusi ya mtu, na diski iliyo mahututi inaweza ikafia mikononi mwake. Kama haigongi na bado inasomeka, angalia CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, mistari ya 05 (sekta zilizobadilishwa) na C5 (sekta zinazosubiri). C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, zipo sekta zilizogoma kusomeka. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, unakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Inachota sehemu nzima kwanza, mbovu inazirudia baadaye, na ukiipa faili la kumbukumbu, umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Kwa umeme wetu huu, faili hilo usilisahau. Kazi yote ya uokoaji ifanyie kwenye nakala. Na mteja akileta diski iliyoanguka, usiiwashe ili "usikie tu." Nimewasikia mkisema hivyo.

3. "Nimefuta kwa bahati mbaya": uliza kwanza ni diski gani.

Ikiwa ni HDD, yaani diski ya sahani zinazozunguka, una nafasi nzuri mradi hakuna kilichoandikwa juu. Ikiwa ni SSD, yaani diski ya chipu, Windows hutuma amri ya TRIM, kidhibiti kinaambiwa sehemu zile hazina kazi tena na kinaweza kuzisafisha chenyewe bila kukusubiri. Zima kompyuta mara moja, na usimwahidi mteja chochote.

Tukiwa hapohapo kwenye SSD, ile nyembamba ya M.2 kuingia kwenye tundu si kusomeka: kuna ya SATA na kuna ya NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na bodi, soma bodi inataka ipi kabla mteja hajanunua.

4. RAM.

Chomoa chaja na betri, safisha pini kwa kifutio, jaribu kipande kimoja kimoja. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel kizazi cha nne zinataka RAM ya DDR3L ya volti 1.35, ukizipa DDR3 ya volti 1.5 hazitawaka, nawe utasingizia bodi.

5. Flashi ya "TB 2" ya bei ya soda ipimeni kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla mteja hajaijaza. Nyingi zimechezewa zidanganye ukubwa, na kinachozidi uwezo halisi kinapotea kimyakimya.

6. Mteja akikufokea kwamba umemwibia kwa sababu diski ya GB 500 inaonyesha 465, usifoke. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Toa kikokotoo, gawanya 500,000,000,000 kwa 1,024 mara tatu, jibu alisome yeye mwenyewe.