Ulimi ukiteleza, ni siri ya moyo iliyotoka?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka 46. Mume wangu wa kwanza alifariki, na baada ya miaka minne ya ujane niliolewa tena na mtu mwema ambaye sina la kumlaumu. Mwezi uliopita, muda mfupi baada ya magharibi, nilikuwa nimeshika birika namimina chai kama ilivyo kawaida yangu, nikamwita kwa jina la marehemu. Alinyamaza, akamaliza chai yake, akaenda kulala mapema. Mpwa wangu anayesoma chuo aliposikia habari hiyo aliniambia kwamba mtaalamu aitwaye Freud alithibitisha kuwa ulimi hautelezi bure, na kwamba ndani kabisa namtaka marehemu na huyu simtaki. Tangu hapo kila neno ninalolisema nalichunguza. Je, mtu anaweza kuwa na nia asiyoijua mwenyewe?
Mama wa Tanga

JIBU: Dada yangu, pole kwa usumbufu huo. Mpwa wako amelitaja jina sahihi, lakini amembebesha mwenye jina hilo hukumu ambayo yeye mwenyewe asingeitoa kwa haraka namna hiyo.

Sigmund Freud (1856–1939) alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu mjini Vienna, Austria. Rafiki yake, Dakta Josef Breuer, kati ya mwaka 1880 na 1882 alimtibu binti mmoja ambaye, katikati ya joto kali na kiu, hakuweza kabisa kunywa maji, akawa anaishi kwa matunda kama matikiti. Siku moja, akiwa katika hali inayofanana na usingizi, alisimulia jinsi alivyomkuta mbwa wa mama mmoja aliyekuwa akikaa naye akinywa maji kwenye bilauri, naye kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kuitoa hasira na kinyaa alichokuwa amekimeza, aliomba maji, akanywa. Madaktari hao wawili waliandika habari zake mwaka 1895. Ni haki niongeze kwamba hakupona kikamilifu kama walivyosimulia, kwa kuwa mwaka ule ule wa 1882 alipelekwa kulazwa Uswisi. Hata hivyo wazo lilikuwa limekwisha kuzaliwa: jambo lisilovumilika husukumwa nje ya fahamu, na likisukumwa halifi, bali hutafuta njia nyingine ya kutokea. Kule kusukuma huitwa ukandamizaji, na ile sehemu ya nafsi inayofanya kazi bila mwenyewe kujua, wataalamu wetu wa fasihi huiita ung'amuzi bwete. Taaluma nzima ndiyo uchanganuzi nafsi.

Kwa hiyo swali lako lina jibu: ndiyo, kwa mujibu wa Freud mtu anaweza kuwa na nia asiyoijua. Swali zito zaidi ni nani mwenye haki ya kusema nia hiyo ni ipi, na hapo nakuomba utazame namna alivyojichunguza yeye mwenyewe.

Mwaka 1898 alieleza kisa kilichompata safarini, alipokuwa akitoka pwani ya Dalmatia kuelekea Herzegovina pamoja na abiria asiyemfahamu. Alitaka kumtajia mchoraji wa picha za ukutani katika kanisa kuu la Orvieto, Italia, na jina likakataa kuja. Yalikuja majina mawili ambayo alijua wazi kuwa siyo: Botticelli na Boltraffio. Jina lililopotea lilikuwa Signorelli. Baadaye alirudi nyuma hatua kwa hatua. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamezungumza juu ya Waturuki wa Bosnia, ambao daktari akiwaambia kuwa mgonjwa wao hatapona, humjibu, «Bwana, la kusema ni nini? Kama angeweza kuokolewa, ungemwokoa.» Kwa Kijerumani «Bwana» ni Herr, na kwa Kiitalia ni Signor. Kisa hicho kilimkumbusha jambo ambalo hakutaka kulizungumza mbele ya mgeni: akiwa mahali paitwapo Trafoi, alikuwa amepata habari kwamba mgonjwa wake mmoja amejiua kwa sababu ya maradhi ya unyumba yasiyopona. Alikikwepa kifo hicho, na jina la mchoraji likaondoka pamoja nacho. «Bo» ya Bosnia na «traffio» inayofanana na Trafoi zikabaki zikielea.

Angalia, dada yangu, kwamba abiria aliyekaa ubavuni mwake asingeweza kuligundua hilo hata kidogo. Uzi ulikuwa mkononi mwa Freud peke yake. Naye, katika mjadala wa kisa hicho hicho, alikiri kwamba kuna kusahau kwa kawaida tu kusikotokana na ukandamizaji. Kabla yake, mwaka 1895, mwanaisimu Rudolf Meringer na daktari Karl Mayer walikuwa wamekusanya mitelezo mingi ya ulimi na kuonyesha kwamba sauti na maneno yaliyo jirani hubadilishana nafasi kwa taratibu zake. Wachunguzi wa kumbukumbu nao wameona kwamba majina huchanganywa zaidi ndani ya kundi moja la watu tunaowapenda. Mama yangu mzazi huwataja ndugu zangu wawili kabla ya kulifikia jina langu, na sijapata kudhani kwamba hanitaki. Aidha wako wanafalsafa, Karl Popper akiwa mmojawapo, waliolalamika kwamba nadharia inayoweza kueleza kila tukio na kinyume chake haiwezi kupimwa, nami naona lalamiko hilo lina uzito.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba ilikuwa baada ya magharibi, birika mkononi, kazi ambayo bila shaka uliifanya kwa miaka mingi ukiwa na marehemu. Mkono ulio katika kazi ya zamani unaweza kuliita jina la zamani, na hilo peke yake linatosha kueleza. Inawezekana pia kuna huzuni ambayo hukuipa nafasi ulipoolewa, lakini kumkumbuka marehemu na kumkataa aliye hai ni mambo mawili, na mpwa wako ameyafanya kuwa moja. Mimi siwezi kukuamulia nikiwa mbali, naye pia hawezi.

Mwambie mume wako kwamba uliona alivyonyamaza. Akikuuliza ulikuwa ukiwaza nini wakati ule, mweleze lolote litakalokujia, hata likiwa dogo, na yeye asikilize mpaka umalize.