Dohani usiyoitumia usiizibe juu na chini

Nachingwea bado kuna nyumba za zamani, zile wenyeji husema ni za enzi za mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, zenye jiko la kuni lililojengewa ukutani na dohani iliyotoboa paa. Sasa tunapikia gesi na mkaa, dohani imebaki haina kazi. Fundi wa kwanza utakayemwita atakwambia: "Mama, hii tuizibe kabisa, hapa uweke kabati." Mkatalie.

Ya kwetu tuliikuta imeshazibwa, juu zege, chini tofali na plasta. Ukuta ule haukutulia. Kila masika rangi ilivimba na kubanduka, doa la kahawia likajitokeza palepale, na chumba kikanuka moshi wakati hakuna aliyewasha kuni. Kila mtu alisingizia paa, na paa lilikuwa zima kabisa!

Mchawi ni masizi. Moshi wa miaka mingi huacha chumvi ndani ya matofali, na chumvi hizo hunyonya unyevu hata wa hewani. Dohani ikizibwa pande zote, unyevu hauna pa kutokea ila kwenye plasta yako.

Kwa hiyo hewa iingie chini, itoke juu. Kwanza safisha. Tulipobomoa tofali za chini masizi yalimwagika pamoja na vinyesi vya popo, kwa hiyo fundi afunge pua na mdomo, na vyombo vitolewe jikoni. Kisha ziba, lakini acha tundu karibu na sakafu, lenye ukubwa wa uso wa tofali moja, ulitie wavu. Kabati likija, lisilifunike. Juu weka kofia ya bati iliyoinuliwa kwa miguu ili mvua isiingie na upepo upite, nayo izungushiwe wavu, la sivyo nyuki watahamia.

Tundu hilo lisikudanganye ukawasha jiko la mkaa humo ndani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua.

Plasta yenye doa ibanduliwe yote, maana chumvi imo humo. Piga mpya ya chokaa badala ya saruji tupu, ukuta upate kupumua. Rangi isubiri kiangazi kikaushe ukuta. Fundi rangi atanung'unika kuwa unamchelewesha. Mpe madirisha aanze nayo.