Unaanza Kichina kwa filamu? Chagua kwanza unayemsikiliza

Wengi wanaoanza Kichina huku kwetu wanakuja na mapenzi waliyoyapata kwenye mabanda ya video: Bruce Lee, Jackie Chan, Jet Li. Mapenzi hayo ni mtaji, msiyaache. Ila kabla hujaanza kuiga sauti ya yeyote kati yao, uliza anaongea Kichina kipi. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1980 na 1990 ni za Kikantoni, Kichina cha kusini, na mtu aliyesoma Mandarin, yaani Kichina rasmi, peke yake haambulii kitu humo. Hata Jet Li, mzaliwa wa Beijing, kwenye filamu nyingi za Hong Kong ile sauti ya Kikantoni unayoisikia si yake, kawekewa ya mtu mwingine.

Mnapowatafuta mtandaoni tumieni majina yao ya Kichina: Jackie Chan ni Cheng Long, Jet Li ni Li Lianjie, Bruce Lee ni Li Xiaolong. Jina la ukoo hutangulia. Mwongozaji Zhang Yimou ni wa ukoo wa Zhang, na wenzake wa kazini humwita Zhang dao, yaani Mwongozaji Zhang. Zoeeni mapema kumwita mtu kwa ukoo na cheo chake. Kwa Wachina, kumwita mkubwa jina lake tupu ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu.

Mimi wanaoanza wote nawaanzisha na mwigizaji Hai Qing. Mwaka 2011 TBC ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake, na yeye ndiye Doudou. Wengi mnaijua hadithi: mume ametoka kwa wazazi walioachana, kwa hiyo bibi harusi ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Sasa itafuteni ya Kichina chenyewe. Kwa kuwa kisa unakijua, sikio linabaki huru kushika maneno, na maneno ni yale ya nyumbani hasa: umekula, umechelewa wapi, nani atalipa, mtoto analia.

Namna ya kuitazama ni hii. Chukua kipande kifupi, watu wakiwa mezani. Vipindi vya China karibu vyote vina maandishi ya Kichina chini ya skrini. Yafunike kwa karatasi. Sikiliza sentensi moja, kwa mfano "Ni chi le ma?", umekula? Simamisha, irudie kwa sauti kamili, si kwa kunong'ona, kwa sababu toni, ule mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, hazikai kwenye mnong'ono. Utasikia kwamba "chi" inashikiliwa juu na "le ma" zinapita kwa wepesi. Kisha ondoa karatasi, soma, sikiliza tena. Tukiwa Waswahili tuna tabia ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo inaharibu toni nne zote. Hapa msijionee huruma. "Mai" ikishuka kisha ikapanda ni kununua, ikiporomoka ni kuuza, na mfanyabiashara anayezichanganya atapata tabu sokoni Guangzhou.

Tamthilia za majumba ya wafalme ziwekeni baadaye kidogo. Sauti zake ni safi mno, mara nyingi kwa sababu zimewekwa na wataalamu wa sauti: kwenye ile ya Zhen Huan ya 2011, uso ni wa Sun Li, sauti ni ya Ji Guanlin. Kwa kunyoosha matamshi zinafaa sana. Lakini msamiati wake ni wa ikulu ya kale. Ukijiita "bengong", kama wake wa mfalme wanavyojiita humo, mbele ya muuza tambi, watu watageuka kukuangalia.

Neno moja la kung fu, hata hivyo, linatumika kila siku: shifu. Kwenye filamu ni mwalimu wa mapigano; mtaani ndivyo unavyomwita dereva wa teksi au fundi bomba kwa heshima. Kwa kweli ni maneno mawili yanayotamkwa sawa, ila kwa maandishi ya Kichina herufi ya pili ni tofauti. Kinyume chake, "xiaojie" (binti, bibie) mtakayoisikia kwenye filamu za Taiwan msiwaitie wahudumu wa kike bara China. Huko linaweza kuchukuliwa kama tusi. Semeni "fuwuyuan", yaani mhudumu.

Lafudhi zisiwavunje moyo. Mwigizaji Gong Li alipoigiza mwanamke wa kijijini, Qiu Ju, mwaka 1992, aliongea lahaja ya Shaanxi, na Wachina wengi wenyewe walihitaji maandishi. Mchekeshaji wa filamu Huang Bo naye amechekesha nchi nzima kwa lahaja ya kwao Qingdao. Wafikieni hao ukishaweza kumfuata Hai Qing bila karatasi wala maandishi, na hapo anzeni na Huang Bo, maana vichekesho vyake vya siku hizi vimejaa lugha ya barabarani, hotelini na kwenye simu.