Ameitwa Baada ya Nani?

SWALI: Nimesoma habari ya mke na mume wa ukoo wa kifalme wa Ulaya wanaotarajia mapacha. Mwandishi anasema watu "wanatabiri" majina ya watoto hao, aya ya pili "wanabashiri", ya tatu "wanakisia". Je, maneno haya yana maana moja? Sentensi mojawapo ni hii: "Wengi wanatabiri kwamba mmoja wao ataitwa baada ya babu yake." (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji wa Tanga, jibu la swali lako ni fupi na nitalitoa upesi, kwa sababu ndani ya mfano uliouleta amejikunja nyoka, nawe umempita bila kumwona.

Kutabiri asili yake ni Kiarabu, na huko lilihusu kufasiri ndoto. Sisi tukalisogeza mbele likawa kusema yatakayokuja, na leo makao yake makuu ni utabiri wa hali ya hewa. Kubashiri nalo ni la Kiarabu, na mzizi wake ni habari njema. Ndiyo maana kuna watu wanaoitwa Bashiri. Siku hizi limehamia kwenye mikeka ya mpira. Kwa kuwa London watu huweka fedha kweli juu ya jina la mtoto wa kifalme kabla hajazaliwa, hapo simgusi mwandishi wako. Kukisia ni kukadiria ukiwa na kipimo fulani, kama mpishi anavyokisia chumvi. Asiye na kipimo chochote anabahatisha.

Tuyapime kwa majina yenyewe. Denmark, kuanzia 1513 hadi 1972, kila mfalme aliitwa ama Christian ama Frederik, wakipokezana kama walinzi wa zamu. Frederik, wakati huo akiwa mrithi, alipopata mtoto wake wa kwanza Oktoba 2005, akawa wa kiume, jina la Christian halikuhitaji mtabiri. Ilikuwa hesabu ya darasa la kwanza. Lakini yeye na mkewe Mary walipopata mapacha tarehe 8 Januari 2011, hesabu iliishia hapo. Katika ukoo huo jina hutangazwa siku ya ubatizo, kwa hiyo watu walikisia hadi Aprili ndipo wakasikia: wa kiume ni Vincent Frederik Minik Alexander, wa kike ni Josephine Sophia Ivalo Mathilda. Frederik lilikisika, maana ni la baba na la wafalme tisa waliotangulia. Minik na Ivalo ni majina ya Greenland, nchi iliyo chini ya taji la Denmark, na mjuzi wa siasa za huko naye angeweza kuyakaribia. Aliyesema Vincent alibahatisha, hata kama leo anajiita mtaalamu.

Uingereza, 2018, William, mjukuu wa Malkia Elizabeth, alipotarajia mtoto wa tatu, wacheza kamari wengi waliegemea jina la Arthur. Louis hawakulitilia maanani kwa kuwa lilikwisha kutumika kama jina la tatu la kaka yake, George Alexander Louis. Mtoto akatangazwa: Louis Arthur Charles. Walikisia vizuri, wakakosea nafasi, na fedha zikaenda.

Hayo tumeyamaliza. Sasa tumtoe nyoka.

"Ataitwa baada ya babu yake." Sentensi hii imeenea magazetini, redioni na hata vitabuni, na kila inapopita huacha Kiswahili kikichechemea. Baada ya, kutoka Kiarabu *baada*, ni maneno ya wakati. Yanataka tukio litangulie na tukio lifuate: baada ya swala, baada ya masika, baada ya kula. Ukiyawekea mtu badala ya tukio, msikilizaji hulitafuta tukio mwenyewe. Na kuitwa nako kuna maana mbili, kupewa jina na kutakiwa uje. Matokeo yake yako kwenye zahanati yoyote asubuhi. Watu wamejaa kwenye benchi, karani anatoka na rundo la kadi. "Mwanaidi!" Bibi anajikongoja na fimbo yake, anaingia. Zinapita dakika kumi. "Salumu!" Mjukuu anainuka, anafuta makamasi kwa mkono wa shati, anaingia. Huyo ndiye mtoto aliyeitwa baada ya bibi yake. Amemfuata kwenye foleni, basi. Jina lake ni Salumu na la bibi ni Mwanaidi.

Ukimpa mwandishi wetu habari za ukoo wa Uingereza, kichekesho kinakuwa kikubwa zaidi. Charlotte Elizabeth Diana, binti wa William na mjukuu wa Diana, alizaliwa tarehe 2 Mei 2015. Nikiambiwa "aliitwa baada ya Diana", nakubali: Diana alifariki 1997, kwa hiyo mtoto aliitwa miaka kumi na minane baada yake, na hivyo hivyo kwa kila mtoto aliyezaliwa duniani mwaka huo, wakiwemo wa Handeni na wa Kisumu. Lilibet Diana alizaliwa tarehe 4 Juni 2021 huko California, na Lilibet lilikuwa jina la utani la Malkia Elizabeth nyumbani kwao. "Aliitwa baada ya malkia." Baada ya malkia kufanya nini? Siku hiyo malkia alikuwa hai, ana miaka 95. Baada ya malkia kuitwa? Hilo lilifanyika 1926. Kila ukiigeuza sentensi, inakupa tarehe. Jina haikupi.

Chimbuko la ugonjwa linajulikana. Kiingereza kina neno moja, *after*, linalobeba mizigo mitatu: baada ya, nyuma ya, na kwa kufuata mfano wa. Mfasiri mvivu hushika mzigo wa kwanza anaoukuta mlangoni na kuondoka nao.

Mfano unaonikera kuliko yote uko kwetu, tena hufundishwa watoto: "Ziwa Victoria liliitwa baada ya Malkia Victoria." Hebu tuisome kama Kiswahili kinavyosema. Kwanza aliitwa malkia, kisha likaitwa ziwa. Malkia alizaliwa 1819. Je, kabla ya 1819 watu wa kandokando ya maji yale walikuwa wakiyanyooshea kidole tu? Waganda walikuwa na Nalubaale, Wajaluo wana Nam Lolwe, na Nyanza lilikuwapo vinywani mwa watu kabla John Speke hajafika mwambao wa kusini mwaka 1858. Kwa maana yake halisi, basi, sentensi ile ni uongo: ziwa liliitwa kabla ya malkia, tena kwa majina kadhaa. Kilichotokea ni kwamba Speke alilipa ziwa jina la malkia wake. Maneno hayo machache ni sahihi, ni mafupi kuliko yale mabovu, na yanamtaja mtendaji ambaye sentensi ya kwanza ilimficha. Mtoto wa darasa la nne anaelewa. Sijui kwa nini mhariri hakuelewa.

Dawa, basi. Ya kwanza nimekwisha kuitaja: *kumpa mtu jina la* fulani. Charlotte, kwa jina lake la tatu, alipewa jina la bibi yake mzaa baba, Diana. Angalia herufi moja hapo, maana wengi hujikwaa: "alipewa jina *la* babu" ni jina ambalo babu mwenyewe analo, ilhali "alipewa jina *na* babu" ni babu aliyelichagua, hata kama babu anaitwa Hamisi na mtoto anaitwa Vincent. Wanaoandika "alipata jina kutoka kwa babu yake" wanakaa katikati ya hayo mawili, na msomaji abahatishe mwenyewe. Unaweza pia kusema amerithi jina, au amerithishwa ukitaka kuwataja wazazi bila kuwataja. Jina likiwa limenyofolewa tu kutoka jingine, sema limetokana nalo: Charlotte limetokana na Charles, ni umbo lake la kike la Kifaransa, na wakisiaji wa 2015 walioliona hilo walikuwa na kipimo mkononi, si bahati.

Kisha kuna maneno ambayo mwenye Kiingereza anatuonea wivu nayo, nasi tunayaacha yakiota ukungu: *wajina* na *somo*. Watu wawili wenye jina moja ni wajina. Somo ni hivyo hivyo, na lina uzito wa mapenzi, ndiyo maana watu wa pwani hufurahi wakikutana: "Somo yangu!" (Somo huyu si somo la hisabati, wala si yule kungwi anayemfunda mwari, jamii moja, kazi tofauti.) Kwa hiyo George aliyezaliwa 22 Julai 2013 ni wajina wa Mfalme George wa Sita, na kwa nasaba ni kilembwe chake: Elizabeth ni mwana, Charles mjukuu, William kitukuu, George kilembwe. Lugha yenye kilembwe haina haja ya kuomba viraka. Ukitaka kuona namna majina ya ikulu yanavyozunguka, huyo George wa Sita mwenyewe alibatizwa Albert. Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Albert, mume wa Malkia Victoria, na wazazi wakaona busara kumtuliza bibi kizee kwa kumpa mtoto jina la marehemu. Jina la George alilichukua aliposhika ufalme. Mkisiaji hodari, kwa hiyo, hutazama kalenda kabla ya kutazama mti wa ukoo.

Kuna na lile "jina la kati", ambalo nalivumilia kwa meno yaliyokazwa. Habari husema "jina la kati la George ni Alexander". Kwa Mtanzania aliyejaza fomu maisha yake yote, jina la kati ni la baba na la tatu ni la babu au la ukoo. Msomaji huyo ataelewa kwamba George ni mtoto wa Alexander, mjukuu wa Louis, na William asakwe. Andika "jina la pili", "jina la tatu", kama majina ya ubatizo yanavyohesabiwa, na familia ya watu itabaki salama. Ikulu ya masultani wa Zanzibar haikuwa na tabu hiyo. Kulikuwa na Ali bin Said na Ali bin Hamoud, Khalifa bin Said na Khalifa bin Harub. *Bin* moja ilitosha kukuambia ni yupi.

Sentensi ya mwandishi wako, kwa hiyo, naiandika upya hivi: "Wengi wanakisia kwamba mmoja wa mapacha hao atapewa jina la babu yake." Kama anapenda kubashiri, aachiwe, hasa ikiwa amekwisha kuweka mkeka.

Na ili nisionekane mkatili kwa baada ya, iko familia moja ninayoiruhusu kuyatumia. Usukumani na Unyamwezini majina ya mapacha hayakisiwi wala hayabashiriwi: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mtu akiniandikia kwamba Doto aliitwa baada ya Kulwa, sitashika kalamu nyekundu.